Pilau ya Siku ya Thelathini

Nilimwacha mke wangu talaka tatu kwa sababu ya pilau. Watu wa Bagamoyo wanalijua jambo hili na kila mmoja analisimulia anavyotaka, wengine wakicheka. Mimi nalisimulia mara moja, na nikimaliza asiniulize mtu.

Mke wangu aliitwa Ashatu. Mtoto wetu wa kwanza ni Mardhiya, na Mardhiya aliposwa na Kitwana, mtoto wa dada yangu Mwanaharusi. Kitwana alikuwa karani wa ghala huko Pangani. Baba yake ni Bwanausi, shemeji yangu, mtu wa Pangani vilevile, aliyekuja Bagamoyo na sanduku moja na mdomo. Tulikubaliana nikaha iwe Idi Mosi, saa nne asubuhi, nyumbani kwangu, na baada ya nikaha watu wale. Tarehe hakuitaja mtu. Nani anataja tarehe ya Idi? Idi ni Idi, ikifika kila mtu anaijua.

Mimi na Bwanausi tulicheza bao barazani kwake miaka kumi na sita, kila siku baada ya alasiri, na mwezi wa Ramadhani baada ya isha. Watu walidhani tunapendana. Mtu hachezi bao miaka kumi na sita na mtu anayempenda. Anacheza na yule anayetaka kumshinda. Mimi nilikuwa namshinda mara nyingi kuliko alivyonishinda, na hilo lilimuuma, kwa kuwa yeye alisoma mpaka darasa la sita na mimi nilitoka darasa la pili baba alipokufa, nikaingia kwenye kazi ya mbata. Kupasua nazi na kuzianika hakuhitaji darasa la tatu. Lakini kila nikikosea kuhesabu kete, hata kete moja, Bwanausi aliwageukia watu akasema, "Hilo ndilo darasa la pili." Baraza nzima ilicheka. Miaka ya mwanzo na mimi nilicheka.

Halafu akanunua redio, kitu cha mbao chenye betri nzito kama tofali. Akakata na kadi ya TANU, akawa anawauzia wengine kadi hapohapo barazani, kati ya mchezo na mchezo. Mimi sikununua. Haikuwa kwa kumpenda Mzungu. Huyo kodi yake naijua. Sikununua kwa sababu mwenye kuuza alikuwa Bwanausi, na sikutaka kumpa mkononi shilingi yangu halafu anisomee jina langu kwa sauti kama mwalimu.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia masika. Mvua ilinyesha karibu kila siku, mbata zangu zikaota ukungu. Wageni wa Bwanausi walifika kutoka Pangani siku ya ishirini na nane, wanaume na wanawake zaidi ya ishirini, wakalala kwake na kwa jirani zake. Kitwana alikuja nao. Alikuwa amepewa ruhusa ya siku chache, na lori lao la kurudi lilikuwa liondoke alfajiri ya kesho yake baada ya Idi Mosi. Siku ya ishirini na tisa mchana tukachinja mbuzi wawili nyumbani kwangu. Wanawake wakakaa uani kuchagua mchele na kutwanga bizari nzima, iliki, mdalasini. Ashatu hakumwachia mtu kupima viungo. Pilau yake ilijulikana mpaka Zinga. Ilikuwa kavu, punje haijashikana na punje, na ukila jioni bado unaisikia ulimini asubuhi. Mimi nilikuwa nimeila miaka ishirini na mitatu na sikuwahi kumsifu. Nilikuwa nakula mpaka inakwisha, nikaona yatosha.

Magharibi tulisimama pwani watu kama mia. Wingu lilikuwa limefunika kote kama mfuniko. Hatukuona mwezi, hatukuona hata nyota. Mwalimu Dadi, anayetusalisha msikiti wetu mdogo, akasema haukuonekana, tukamilishe thelathini. Maneno yale yamo katika dini na hata mtoto wa chuoni anayajua. Nikarudi nyumbani nikafuturu.

"Kesho tunafunga," nikamwambia Ashatu.

"Na nyama?"

"Itie chumvi na ndimu."

"Nyama ya mbuzi wawili? Kwa joto hili na mvua hii?"

"Itie chumvi."

Akanitazama kidogo. "Haya," akasema.

Baada ya isha nikaenda kwa Bwanausi. Bao lilikuwa limekwisha tandikwa. Tulicheza mchezo mmoja, nikamla. Tulikuwa katikati ya wa pili, naye nimemwachia kete chache tu, redio ikakatisha muziki, sauti ya mtu ikasema mwezi umeonekana, kesho ni Idi. Wageni wa Pangani wakaanza takbira. Bwanausi akazikusanya kete zote mkononi, za kwake na za kwangu, akazirudisha ndani ya mfuko.

"Mchezo haujaisha," nikasema.

"Umekwisha, shemeji. Nenda kamwambie Ashatu awashe moto. Kesho tunaoza."

"Kesho tunafunga."

"Hukusikia? Mwezi umeonekana."

"Umeonekana wapi? Nani kauona?"

"Redio imesema."

"Redio ina macho?"

"Kwa yule aliyeishia darasa la pili haina," akasema. Wakacheka.

Nikamwuliza, "Redio hiyo ya nani?"

"Ya serikali."

"Serikali gani? Si hii unayotwambia kila siku kwamba ni ya waongo? Wakikutangazia kodi, waongo. Wakikutangazia bei ya mbata, waongo. Wakikutangazia mwezi, unafungua kinywa. Basi lipa na kodi bila kelele."

Safari hii walicheka zaidi. Hata wageni wake walicheka, mzee mmoja wa Pangani akapiga goti lake kwa kiganja. Nilimwona Bwanausi akibadilika uso. Kicheko cha baraza ile kilikuwa chake, alikilisha kahawa yake mwenyewe, na mimi nilikuwa nimekichukua mbele ya ndugu zake.

Akasema polepole, "Ugonjwa wako si dini, Mwinyijuma. Ugonjwa wako ni kwamba mpaka ukione na ukishike. Hata uhuru siku ukija, wewe utapanda juu ya mnazi uutazame kwanza. Watu watakuwa wamekwisha ula, wewe uko juu unauliza, uko wapi?"

"Nitakuwa nautazama usije ukawa na wewe ndani yake."

"Sawa. Basi sikiliza. Kesho saa nne nitakuja kwako na watu wangu. Nitakula pilau. Ashatu atapakua, mimi nitakula, na wewe utakaa pembeni unameza mate. Kila mtu hapa anajua nyumba ile mwanamume ni nani."

Hakuna aliyecheka. Ningeweza kunyanyuka nikaenda zangu. Ningeweza kumtukana mama yake, jambo ambalo kesho yake husuluhishwa kwa kahawa. Sikufanya hivyo. Nilisema, na nalikumbuka neno kwa neno: "Pilau ikipakuliwa nyumbani kwangu kesho kabla jua halijazama, Ashatu nimemwacha talaka tatu."

Mtu mmoja akasema, "Astaghfirullahi." Mzee wa Pangani akaacha kutafuna tambuu.

"Yameze maneno hayo, shemeji," akasema Bwanausi. Sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Yameze sasa hivi, hatujayasikia."

"Umeyasikia."

Nikavaa viatu vyangu nikatoka. Njiani nilikuwa na raha, sitaficha. Niliona nimemfunga mdomo. Nilifikiri, sasa nani atathubutu kugusa upawa nyumbani kwangu? Sikumfikiria Ashatu hata hatua moja ya njia ile.

Tulikula daku. Baada ya sala ya alfajiri niliporudi kutoka msikitini moto ulikuwa umewaka uani, masufuria mawili makubwa juu ya mafiga.

"Unapika nini?"

"Pilau. Nyama imeanza kunuka." Alikuwa anakoroga kitunguu, amenipa mgongo. "Umeapa kupakua, hukuapa kupika."

Kumbe habari ilikuwa imekwisha fika. Mwanaharusi alikuwa amemletea tangu usiku, kupitia mlango wa nyuma.

"Ni kweli ulisema?"

"Nilisema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Tatu?"

"Tatu."

Akaendelea kukoroga. Alikuwa amefunga, kama mimi. Kitunguu kile alikikaanga mpaka kikaiva rangi yake bila kuonja chumvi.

Saa nne wakaja. Kitwana mbele amevaa joho la kukopa, Bwanausi ubavuni mwake, nyuma wageni wa Pangani na watu wa mtaa waliofuata mwezi wa redio. Nilisimama mlangoni. Kitwana akasema, "Shikamoo, mjomba," nikamwitikia marahaba. Yeye hakuwa na kosa. Nikawaambia leo ni Ramadhani, waje kesho.

"Kesho alfajiri lori linaondoka," akasema Bwanausi. "Unajua."

Mwalimu Dadi alikuwa amekuja mapema, ndiye wa kufungisha ndoa. Akaniinamia sikioni. "Nikaha haina siku iliyokatazwa. Mwozeshe mtoto. Usiongeze jambo juu ya jambo."

Nikakubali. Wakaingia, wakakaa juu ya mikeka. Mwalimu akasoma hotuba, nikamshika Kitwana mkono nikamwoza binti yangu, akasema amekubali. Kutoka ndani wanawake wakapiga vigelegele, vikakatika upesi. Halafu harufu ya pilau ikaja kutoka uani. Ashatu alikuwa ameweka makaa juu ya mifuniko. Harufu ile ilipita sebuleni ikakaa juu ya vichwa vyetu.

Kwetu mtoto wa kike haozwi watu wakaondoka bila sinia. Mwanamke aliyeozwa hivyo huitwa aliyeozwa kavu, na jina hilo hufuatana naye mpaka kwa wakwe, wakigombana kisimani anatupiwa. Mimi nilijua. Nikasimama nikasema ndoa imepita, alhamdulillahi, chakula ni baada ya magharibi, kila mmoja wenu namkaribisha.

Mzee wa Pangani akasema, "Sisi ni wasafiri, bwana. Hata kama leo ni Ramadhani yenu, sisi saumu haitulazimu."

Mwalimu akaongeza kwa sauti ya chini, "Kasema kweli. Hata kwa hesabu yako wewe, hawa wana ruhusa."

"Nimekwisha apa."

"Najua umeapa. Ndiyo maana nakwambia, mwombe shemeji yako awaondoe watu kwa wema. Yeye akisimama, wote watasimama. Warudi magharibi."

Nikamtazama Bwanausi. Alikuwa amekunja miguu, mgongo umeegemea ukuta wangu. "Sisi hatuna haraka," akasema. "Tutakaa." Alijua nilichoapa. Alikuwepo. Neno moja la kwake lingewainua watu wale, na neno moja la kwangu lingemfanya aliseme. Tulikaa hivyo, kama watu wawili ambao kila mmoja anasubiri mwenzake acheze kete.

Mlango wa ndani ukagongwa. Nikainuka nikaenda. Ashatu alisimama nyuma ya pazia. Kutoka chumba cha wanawake nilimsikia dada yangu Mwanaharusi akisema, "Mwanangu hachukui mke aliyeozwa kavu. Nitamwambia aende peke yake, arudi atakapoitwa." Na nilimsikia Mardhiya akilia, kilio kidogo cha mtu anayejizuia asiharibu wanja.

"Baba Mardhiya," akasema Ashatu, "waondoe watu au nipakue."

"Bwanausi hataki kuondoka."

"Simuulizi Bwanausi."

"Niliapa mbele ya watu."

"Ulipoapa mimi nilikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Na sasa niko jikoni." Akapangusa jasho kwa ncha ya kanga. "Rudi huko. Mwambie shemeji yako, nimekosea kusema vile, niondolee watu mpaka jioni. Maneno hayo tu. Ukiyasema nami nitakaa hapa na masufuria yangu mpaka jua lizame, na mtoto atalishiwa watu wake, na lori litamkuta ameolewa vizuri."

"Siwezi kumwambia Bwanausi nimekosea."

"Huwezi?"

"Siwezi."

Alinitazama kama alivyonitazama jana yake niliposema habari ya chumvi. "Haya," akasema.

Nikarudi sebuleni nikakaa. Nilidhani amekubali. Mimi niliizoea "haya" yake kuwa ndiyo mwisho wa maneno.

Waliokuwa uani walinieleza baadaye. Aliwatoa wanawake wote karibu na mafiga, akasema asishike upawa mtu mwingine, jambo hili ni la kwake. Akaondoa makaa, akafunua sufuria, akapakua mwenyewe masinia yote, nyama juu, kachumbari pembeni. Hakuonja. Wanaume wawili wa jirani ndio waliobeba. Nilipoliona la kwanza linapita mlangoni nilifikiri ni la watoto. Likawekwa mbele ya Bwanausi.

Likaja la pili na la tatu. Watu walilitazama sinia, wakanitazama mimi. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mwalimu Dadi alikuwa ameinamisha kichwa, anahesabu tasbihi yake. Mwisho mzee wa Pangani akasema, "Chakula kimekwisha pakuliwa. Tusipokula hakitarudi kuwa hakijapakuliwa. Bismillahi." Wakala. Bwanausi naye alikula, taratibu, hakusema neno la kuchekesha mpaka wakanawa.

Mardhiya akatolewa kwa vigelegele, vya kweli safari hii. Alipita mbele yangu akanishika mkono akaubusu, hakuinua macho.

Watu walipokwisha ondoka, Mwalimu Dadi akabaki.

"Ulipoapa," akaniuliza, "ulikuwa unafanya mzaha?" Nikajua ananifungulia mlango.

"Hapana."

"Ulikuwa na hasira hata hujui unasema nini?"

"Nilijua."

"Ulisema tatu?"

"Tatu."

"Na mashahidi?"

"Baraza nzima."

Akaikunja tasbihi yake kiganjani. "Basi imepita. Hutamrudia mpaka aolewe na mume mwingine, na mume huyo amwache au afe." Akachukua viatu vyake.

Ashatu akatoka uani amevaa buibui, na kifurushi cha nguo mkononi. Masufuria alikuwa ameyaosha. Alisema anakwenda Mlingotini kwa kaka yake Salumu. Nilitaka kumwambia njia ni ndefu na amefunga, asubiri mpaka jioni. Lakini sikujua tena namwambia kama nani. Nikasema, "Chukua mwavuli." Akasema, "Mvua imekatika."

Kweli ilikuwa imekatika. Magharibi wingu likapasuka upande wa machweo na mwezi ukaonekana, mnene, wa siku ya pili. Watu waliokuwa pwani hawakuutazama sana. Walinitazama mimi. Kesho yake nilisali Idi na watu kumi na mmoja.

Bwanausi alikuja baada ya wiki moja, akasimama nje, akasema alikuwa anatania tu. Nikamwambia mimi sikuwa natania. Akaniambia nilipaswa kuyameza maneno yale alipoyasema. Nikamwambia yeye alipaswa kuinuka mkekani. Tulitupiana hivyo pale mlangoni, hakuna aliyesema amekosea, akaenda zake. Mwanaharusi alimfuata mumewe. Dada yangu wa tumbo moja, tukikutana sokoni anapita upande wa pili na kapu lake.

Ashatu alimaliza eda, miezi mitatu. Mwezi wa tano tangu siku ile akaolewa hukohuko Mlingotini na mtu aitwaye Haji, mtengeneza mitego ya samaki, mjane. Wanasema ni mtu mpole. Wanasema anamsifu chakula mbele ya watu.

Hesabu yake ni hii. Masinia yalikuwa saba, watu watano kila sinia, watu thelathini na watano wakala wakashiba. Mbuzi wawili. Mke mmoja niliyekaa naye miaka ishirini na mitatu. Dada mmoja, na sina mwingine. Binti mmoja aliyeko Pangani, ambaye tangu siku ile hajakanyaga kwangu, na wajukuu wawili ambao majina yao nimeambiwa na wapita njia. Bao sijacheza, huu mwaka wa nne.